Kikombe Cheupe Chini ya Trekta

Maji ya zamu yaliingia kwenye ploti zangu usiku wa Jumatano, na trekta niliyokodi haikuja. Alhamisi haikuja. Ijumaa nilimpigia mwenyewe mara nne, akaniambia kwa upole kabisa kwamba iko Kahe, ikitoka huko inapita Mabogini, halafu ndiyo inafika kwangu. Miche yangu ya mpunga wa SARO 5 ilikuwa na siku 24 kitaluni, ilitakiwa iwe imeshang'olewa. Jumapili maji yakahamishiwa kwa wenzangu kama ratiba inavyotaka, majaruba yangu yakabaki yanapasuka nyufa. Zamu iliyofuata nilipandikiza miche ya siku 38. Mche wa umri huo hautoi machipukizi ya kutosha, unasimama peke yake kama mtu aliyefiwa. Mavuno ya msimu ule yalilipa mbolea na ada ya mtoto mmoja. Ya mtoto wa pili nilikopa.

Naanza na hilo kwa sababu watu huniuliza kwa nini mwanamke mwenye ploti tano alijitwisha deni la trekta kuukuu. Skimu yetu ya umwagiliaji ya Lower Moshi ilijengwa kwa mkopo wa Japani, ikakamilika mwaka 1987, na maji yake yanatoka mito ya Njoro na Rau. Wanaoyatumia huko juu wameongezeka sana tangu siku zile, kwa hiyo sisi wa chini, Chekereni, tunayapata kwa zamu, na zamu haimsubiri mtu. Siku ya maji kama huna cha kuvurugia, huna msimu. Ploti zenyewe ni mita 30 kwa 100. Trekta kubwa ya tani mbili na zaidi ikiingia humo kukiwa na maji hugeuka kwa taabu, huvunja kingo, na mara nyingine huzama mpaka kwenye ekseli ikabidi iitwe nyingine kuivuta. Majaruba yetu yanataka trekta ndogo, ya nguvu farasi 20 hivi au 25, inayovuta kwa magurudumu yote manne, na lotaveta nyuma, ile mashine ya visu inayosaga udongo. Ndogo mpya sikuiweza bei. Zikabaki zile zilizolima mpunga Japani, zikauzwa wenyewe walipozeeka na kuacha kilimo, zikaja Dar es Salaam ndani ya kontena.

Ya kwanza niliinunua mwaka 2016, na niliinunua kwa macho.

Nilikwenda Dar na mdogo wangu wa kiume, ambaye ni dereva mzuri wa daladala na ndiye mtu pekee wa vyuma niliyemjua. Yadi ilikuwa imepanga trekta kama kumi na tano, zote zinang'aa. Muuzaji alitukaribisha vizuri, akatuletea soda, akatuonyesha moja ambayo mita yake ilisoma saa 640. Nilipiga hesabu kichwani: saa 640 ni kitu gani? Ni trekta iliyofanya kazi misimu michache tu. Ilikuwa tayari inanguruma tulipofika. Alisema ameiwasha mapema ili nisipoteze muda, na mimi nikashukuru. Tulivuta kijiti cha oili ya gia, oili ikawa safi, ya rangi ya asali. Mdogo wangu akaiendesha mbele na nyuma, akaniambia, "Dada, hii ni mpya." Nikalipa milioni kumi na moja. Tatu zilikuwa za mkopo wa SACCOS, na nyingine zilikuwa ng'ombe wawili na mpunga wa miaka miwili.

Wiki ya tatu jarubani oili ile ya asali ilikuwa nyeupe kama chai ya maziwa.

Nitaeleza kilichotokea maana hapa ndipo pesa za wengi zinapozama. Kwenye trekta nyingi hizi ndogo za Kijapani, oili ya gia ndiyo hiyo hiyo inayonyanyua lotaveta. Boksi ni moja, oili ni moja. Maji yakiingia humo yanakula beringi na gia, na yanaharibu pampu ya haidroliki kwa wakati mmoja. Yanaingia wapi? Kwenye sili za ekseli, zile pete za mpira za kuzuia maji yasiingie, ambazo tope la mpunga huzisaga siku nzima. Kwenye viatu vya mpira vya rungu la gia vilivyopasuka kwa jua, trekta ikilala nje mvua inanyesha. Na kwenye ekseli ya mbele, ambako nyasi na mabua hujizungusha karibu na gurudumu mpaka yakaikata sili kama uzi unavyokata sabuni. Trekta yangu ilikuwa na vyote vitatu. Oili ilikuwa imebadilishwa siku moja au mbili kabla sijafika. Ndani, fundi alipofungua, beringi mbili zilikuwa na kutu ya zamani, siyo ya wiki tatu. Maji yalikuwamo humo tangu Japani au tangu yadi, Mungu ndiye anayejua.

Kisha likaja la spea. Kibati cha modeli kilikuwa kimepakwa rangi juu. Tulipokikwangua tukakuta maandishi ya Kijapani na namba ambayo hakuna duka la Moshi lililoitambua. Dukani walinipa spea ya trekta ya jina lile lile, ukubwa ule ule, haikuingia. Kijana wangu mkubwa ndiye aliyenisomea baadaye kwamba hata Marekani jambo hili lilifika mahakamani: Kubota waliwashitaki waagizaji wa trekta zao wenyewe zilizotumika, na mwaka 1999 mahakama ya rufaa ikakubaliana nao kwamba iliyotengenezwa kwa soko la Japani si sawa na iliyotengenezwa kwa soko la Marekani, hata zikifanana kwa sura. Nilipolisikia hilo nilikaa chini. Kumbe halikuwa tatizo la duka la Moshi.

Nilihangaika nayo misimu mitatu. Mwaka 2019 niliiuza kwa mtu wa matofali aliyetaka ya kuvuta tela tu pahali pakavu. Nilimweleza kila kitu, kuanzia beringi mpaka sili, akanipa milioni nne. Nilizichukua.

Hiyo ya pili nisingethubutu kuinunua kama si mzee mmoja fundi wa hapa kwetu. Amezitengeneza trekta za skimu tangu ujana wake, sasa ana zaidi ya miaka sabini, na vidole vyake viwili havikunji. Nilimfuata nyumbani jioni na kilo tano za mchele. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu. Umekuja kuhusu chuma." Alikuwa anajua. Nikamwomba twende wote Dar. Akasema atakwenda kwa sharti kwamba nikifika yadi nisifungue mkoba mpaka yeye aseme, na kwamba kabla ya safari nimpe wiki mbili.

Wiki hizo mbili sikuelewa zilikuwa za nini. Zilikuwa za spea. Aliandika kwenye daftari la shule modeli saba au nane ambazo huwa zinaonekana kwenye yadi, na chini ya kila moja akaandika vitu vichache tu: filta ya oili, mkanda wa feni, sahani ya klachi, sili za ekseli ya mbele, gasketi ya hedi. Akampa mjukuu wake aliyeko Dar azunguke maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani na kuuliza moja moja. Majibu yaliporudi, modeli nne alizipiga mstari. "Hizi ni nzuri," aliniambia, "lakini zitakufia mkononi." Kwa hiyo tulipanda basi tukiwa tumeshajua tunatafuta nini kabla hatujaiona trekta yoyote. Nataka hili lieleweke, kwa sababu watu wengi huchagua trekta halafu ndipo waanze kutafuta spea zake. Mzee alitafuta spea kwanza, halafu trekta ya kuzifaa.

Alinifundisha pia kwamba si kila kitu kinategemea jina la kampuni. Beringi ina namba ubavuni, na namba hiyo ni moja dunia nzima. Ikiandikwa 6205, tundu lake ni milimita 25, upana wa nje 52, unene 15, iwe imetoka kwenye trekta, pampu ya maji au mashine ya kusaga. Sili nazo zinauzwa kwa vipimo: ndani, nje, unene. "Beringi haina kabila," alisema. Anayejua hivyo hakai wiki tatu akisubiri mzigo kutoka nje kwa kitu kilichopo mtaa wa pili. Lakini gia haina namba ya kununulia mtaani, wala pistoni, wala hedi. Hizo ndizo za kuogopa, na ndizo za kukagua kwa bidii yote uliyonayo.

Yadi ya kwanza tulifika saa nne asubuhi. Trekta ilikuwa kwenye orodha, Yanmar yenye herufi D mwishoni mwa namba, alama ya kuvuta magurudumu manne. Kwa Kubota hutazama DT. Kijana wa yadi akakimbilia ufunguo. Mzee akamwambia, "Subiri baba, usiwashe," akaweka kiganja ubavuni mwa injini. Kisha akauchukua mkono wangu, akauweka pale pale. Ilikuwa ya moto.

"Imeshaamshwa," akasema. Hakugomba na mtu. Aliuliza yadi inafunguliwa saa ngapi, akaambiwa saa mbili. "Tutakuja saa kumi na mbili na nusu. Mlinzi aturuhusu tukae hapa nje." Kwa mara ya kwanza nikaelewa soda ile ya mwaka 2016. Injini iliyochoka ringi za pistoni huwaka vizuri ikiwa ya moto. Ubaya wake unaonekana alfajiri, oili ikiwa nzito na chuma kikiwa baridi, na ndivyo nitakavyoiwasha mimi maisha yangu yote.

Kesho yake kulikuwa na umande. Alipasha plagi, akahesabu mpaka kumi, akawasha. Ikazunguka sana. Ikashika kwa silinda moja, ikatikisika, moshi wa buluu ukatoka na haukukoma hata baada ya dakika tano. Alinieleza huku tumeinama: moshi mweupe wa baridi ukiondoka mapema, usiogope, mweusi ukikanyaga mafuta ni wa dizeli kuzidi, nozeli hutengenezeka, wa buluu unaoendelea ni oili inaungua, na hiyo ni oveholi, kuifungua injini yote. Kisha akafungua kifuniko cha kujazia oili ya injini, akakigeuza kichwa chini na kukilaza juu ya tundu lake bila kukifunga. Kikaanza kucheza, kikaruka, kikaanguka chini. Presha ilikuwa inapita kwenye ringi na kutafuta pa kutokea. Tukaaga.

Tulizunguka siku tatu. Nilikuwa na wasiwasi wa gharama za gesti na chakula, na mzee aliona. Akaniambia siku moja ya gesti ni bei ya sili mbili. Sikuwa na wasiwasi tena.

Tuliyoinunua tuliiona siku ya pili jioni. Kubota ya rangi ya chungwa iliyofifia kwa jua, haikupakwa upya, na ina mikwaruzo ya kweli. Mita ilisoma saa 1,480. Mimi, kwa moyo wangu wa zamani, nikashtuka: ni zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza! Mzee akacheka kidogo, akaniambia mita ni kidude cha kubadilisha kwa bisibisi. Akanionyesha anaposoma saa yeye. Kanyagio za breki na klachi: meno ya chuma yamelika kiasi gani, na yamelika sawa na mita inavyosema? Matundu ya pini kwenye mikono ya kunyanyulia lotaveta: bado duara, au yamekuwa kama yai? Tundu likishakuwa yai, hiyo imebeba mzigo miaka mingi, hata mita isome nini. Kiti, usukani, kona ya rungu la gia ambapo kiganja hushika. Ile trekta ilikuwa na kila kitu cha umri mmoja. Hicho ndicho alichokuwa anakitafuta, vitu vyote vizeeke pamoja. Kanyagio mpya juu ya trekta ya zamani ilimtia shaka zaidi kuliko kanyagio iliyolika.

Hakuigusa jioni ile. Alimwomba mwenye yadi jambo moja tu: isisogezwe, isiwashwe, ilale pale pale ilipo, sehemu ya tambarare.

Alfajiri alitoa kwenye mfuko wake spana mbili na kikombe cheupe cha bati, kile cha chai. Akalala chali chini ya trekta, kwa umri wake ule, akalegeza bolti ya kumwagia oili ya boksi la gia. Hakuifungua, aliilegeza tu mpaka matone yakaanza kushuka, akayakinga kwenye kikombe. "Maji ni mazito kuliko oili," alisema kutoka kule chini. "Trekta ikilala usiku kucha, yanashuka chini kabisa. Kama yamo, yatatangulia kutoka." Kijiti cha oili huchovya juu, ndiyo maana mwaka 2016 kilinidanganya. Kikombe kilitoka na oili tu, nyeusi kiasi, imezeeka, lakini haina maji. Akakaza. Akaenda ekseli ya mbele, kulia kisha kushoto. Kulia oili safi. Kushoto kulitoka tone moja la maji ya kahawia, halafu oili ya kijivu.

Nilidhani ndiyo mwisho, tunaondoka. Mzee akaketi, akafuta mikono, akafikiri. Ekseli ya mbele ina oili yake peke yake, haichanganyiki na ya boksi la gia. Akainua gurudumu la kushoto kwa jeki, akalishika juu na chini akalitikisa, halikucheza. Akalizungusha na sikio lake karibu kabisa, nikamwona amefumba macho. Hakuna kukwaruza. "Sili imekufa karibuni. Beringi bado ni nzima. Hii ni kazi ya siku moja, na sili yake ipo Gerezani." Ndiyo maana ya daftari lile. Kasoro hiyo hiyo kwenye modeli ambayo haina sili mjini ingekuwa sababu ya kuondoka. Kwenye hii ilikuwa sababu ya kupunguziwa bei. Tulipunguziwa laki nane.

Mengine aliyapitia kwa haraka zaidi, na mimi nilikuwa naandika. Injini ilishika mara ya kwanza ikiwa baridi kabisa. Kifuniko cha oili kilitulia juu ya tundu lake. Kofia ya radieta ilifunguliwa kabla ya kuwasha, maji hayakuwa na utando wa mafuta, na ilipowashwa hayakuchemka mapovu. Klachi aliijaribu kwa kuweka gia kubwa, kukanyaga breki zote mbili na kuiachia taratibu: injini ikazimika, maana klachi inashika. Ingeendelea kunguruma, sahani imekwisha. Breki ya kushoto na ya kulia kila moja peke yake, kwa sababu jarubani unageuka kwa breki ya upande mmoja. Lotaveta ikanyanyuliwa juu mpaka mwisho, vijana wawili wakakanyaga juu yake, injini ikazimwa, tukanywa chai. Tulipomaliza ilikuwa imeshuka upana wa vidole vitatu. Akasema inakubalika kwa umri wake. Ingekuwa imekaa chini kabla sukari haijayeyuka, tungejua haidroliki inavuja ndani.

Kwenye matairi alikaa zaidi ya nilivyotarajia. Trekta hizi zikiwekwa kwenye kuvuta magurudumu manne, ya mbele yamepangiwa gia yazunguke kwa kuwahi kidogo kuliko ya nyuma. Mtu akifunga tairi za mbele za kipimo kingine, kwa kuwa ndizo zilizopatikana, ya mbele na ya nyuma yanavutana kila hatua, na kinachokatika ni gia za ekseli. Alisoma namba za tairi moja moja, akalinganisha na kibati. Zilikuwa sawa. Tairi za nyuma zilikuwa zile za jaruba zenye meno marefu, nusu zimelika, nikamwona ametosheka.

Jambo moja nililishikilia mimi mwenyewe, si yeye. Trekta nyingi hizi za zamani hazina upinde wa chuma nyuma ya kiti. Zetu zinapanda kutoka jarubani kuvuka mfereji, pua inainuka, na ikipitiliza inamlalia dereva. Nina watoto wawili wa kiume ambao ndio wangeiendesha. Nilimwambia mzee bila upinde sinunui hata ikiwa ya dhahabu, na yeye, ambaye ameendesha bila upinde miaka arobaini, aliniangalia kwa muda akasema, "Hilo umeniongoza wewe." Hii ilikuwa nao, umefungwa na bolti zake za kiwandani kwenye nyumba ya ekseli. Vijana wangu wana amri mbili zisizo na mjadala: mtu wa pili hapandi, na mahali penye mwinuko mkali trekta inatoka kinyumenyume.

Malipo yalikuwa milioni 15 na laki nne baada ya kupunguziwa. Kabla ya kulipa tuliikwangua chasisi kwa msumari, tukasoma namba, tukaisoma ya injini, tukalinganisha na karatasi za bandarini na za TRA tarakimu kwa tarakimu. Wakati ule trekta ya kilimo haikuwa na ushuru wa forodha wala VAT, kwa hiyo mtu akikuambia bei imepanda kwa sababu ya ushuru, muulize karatasi. Kadi ikatoka kwa jina langu. Nilisisitiza jina langu, ingawa mdogo wangu alisema la mwanaume litaniepushia usumbufu barabarani. Deni ni langu, kadi ni yangu.

Ilikuja Moshi juu ya Fuso, ikabadilishwa sili ya kushoto na oili zote siku mbili baadaye.

Nisije nikaonekana nasema kwamba ukikagua hivyo unakuwa umemaliza. Msimu wa kwanza ilichemsha mara mbili. Radieta ilikuwa na maji safi, lakini mapezi yake kwa nje yalikuwa yameziba kwa vumbi la makapi ya miaka, yamegeuka kama ukuta wa udongo. Hatukuwa tumemulika na tochi. Sasa kila jioni kijana anapuliza kutoka upande wa feni kwenda mbele. Na lotaveta ilituumiza. Rungu la PTO, yaani la shafti inayozungusha lotaveta, lina gia kadhaa na maandishi yake ni ya Kijapani. Mwanangu mdogo akaiweka kwenye gia ya kasi kwa kudhani kwamba ni kazi ya haraka. Visu vinne vikapinda kwenye jiwe na sili ya upande wa mnyororo ikaanza kuvuja. Mzee alichora kwa rangi nyeupe 1, 2, 3 kwenye rungu lile, na kwenye 2 na 3 akapiga msalaba. Visu vyenyewe viko vya kushoto na vya kulia, na ukivifunga vibaya udongo unarundikana upande mmoja na jaruba linakuwa na kilima. Tulijifunza kuvipanga chini kwenye turubai kwa mpangilio wake kabla ya kufunga hata kimoja.

Kila tunapotoka jarubani tunasimama kingoni na kisu cha jikoni tukakata mabua yaliyojizungusha kwenye ekseli. Dakika tano kwa kila gurudumu. Vijana mwanzoni waliona ni kazi ya kike. Siku hizi wanaifanya bila kuambiwa, maana waliiona ya kwanza ilivyokufa. Sili ile ya kushoto iko mpaka leo. Mkopo ulikwisha mwaka jana, kwa ploti zangu na za majirani wanaonikodi. Ninapokodisha, ninampa mtu siku yake na ninaifuata, kwa sababu najua miche ya siku 38 inavyoonekana.

Mwezi uliopita jirani yangu wa kule Oria, mama wa watoto wanne, aliniambia anakwenda Dar kuona trekta. Mzee sasa hasafiri, mgongo umemkataa. Nilimpa jirani daftari, spana zile mbili, na kikombe cha bati. Tulikaa uani kwangu mpaka giza likaingia, amelala chini ya Kubota yangu na tochi mdomoni, analegeza na kukaza bolti ya boksi la gia mpaka mkono ukazoea. Alirudi Jumapili na basi la usiku. Trekta hakuwa nayo. Alinionyesha picha kwenye simu: kikombe cheupe juu ya sakafu ya yadi, nusu yake maji ya kahawia, oili imeelea juu kama ukoko. Pesa zake zote zilikuwa bado benki, na alikuwa anataka kuniuliza kama anaweza kubaki na spana wiki moja zaidi, kuna yadi nyingine mbili hajazifikia.